Nje Mvule, Ndani Wawa

Kipande cha ngazi bado kiko mezani, katikati ya chupa za shinapsi, pombe ya posa, na hakuna aliyethubutu kukigusa.

Katika sehemu ya wiki iliyopita, mzungu mmoja aliingia uani kwa Egya Mieza, yaani Baba Mieza, hapa Takoradi, bila hodi wala karibu. Ukoo wa Bentsil ulikuwa umekaa upande huu, ukoo wa Mieza upande ule, siku ya kumposa Afiba, binti wa Egya. Mzungu akafungua begi lake, akatoa kipande cha mbao kilichovunjika, akakiweka kwenye meza ya posa. Kwa juu kilikuwa na rangi nzuri ya mvule na muhuri wa kiwanda uliochomwa kwa moto: MIEZA. Pale kilipokatika kilikuwa cheupe kama nazi.

Tulimwacha akiwa hajatamka neno. Sasa akatamka.

"Naitwa Cormac Hanley. Natoka Ireland. Kazi yangu ni kujenga nyumba. Ngazi hii niliifunga kwa mikono yangu, kwenye nyumba yangu mwenyewe. Mke wangu alikuwa anashuka na kapu la nguo. Kipandio kikakatika."

Shangazi yake Afiba, Auntie Esaaba, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo siku hiyo. Tangu asubuhi alikuwa akiwachekesha watu mpaka wanafuta machozi. Hata sasa hakukosa la kusema.

"Pole sana, baba. Lakini hapa leo tunaozesha. Mambo ya mbao yana ofisi yake."

"Nimetoka ofisini. Mlinzi kaniambia wenyewe wote mko hapa."

"Amekufa?" Afiba aliuliza.

"Hajafa. Mgongo umevunjika. Analala sebuleni, kwa sababu vyumba vya kulala viko juu."

Nana Egyir, mjomba wa Bentsil na mkubwa wa wageni, akakohoa.

"Unataka fidia. Ni haki yako. Taja unachotaka, muelewane na wenye kiwanda, sisi tuendelee na la kwetu."

"Sikuja kwa fidia," Cormac alisema. "Aliyeangusha mti aliangusha tu. Aliyepiga randa alipiga randa tu. Lakini kuna mtu alichukua brashi, akakaa kitako, akaupaka mti mweupe mpaka mimi niliyezeeka na mbao nikadanganyika. Huyo ndiye nimekuja kumwona uso."

Msomaji, wawa unajulikana na kila mtu Takoradi. Ni mti mweupe, mwepesi, unatengenezewa masanduku ya samaki na majeneza ya watu wasio na ndugu. Hakuna fundi anayeufanya ngazi. Kuufanya ngazi ni kumchimbia mtu shimo, halafu kulitandikia mkeka.

Afiba alikigeuza kile kipande mara moja tu. Tangu baba yake apate kiharusi, ni yeye aliyekiendesha kiwanda: milango, madirisha na ngazi za kwenda kwa wajenzi wa ng'ambo, ila ununuzi wa mbao mzee aliubakiza kwake na kwa nyapara. Alijua mkono wa kila fundi wake. Akamgeukia nyapara, Kaku, aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni na kreti ya soda mikononi.

"Kaku. Mvule wangu ulikuwa unamuuzia nani?"

"Dada Afiba, usinipeleke huko."

"Nimekuuliza mbele za watu."

"Mbele za watu ndiyo maana nakwambia usinipeleke huko. Muulize mwenye kiwanda."

"Mwenye kiwanda ni mimi."

"Basi jiulize."

Mtu mmoja upande wa kina Bentsil akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichommaliza Afiba.

"Weka soda chini. Kuanzia sasa huna kazi kwangu. Jumatatu nisikuone hata barabarani mbele ya geti."

Kaku akaweka kreti chini taratibu, chupa zisigongane. Akapangusa mikono kwenye suruali.

Hapo ndipo fimbo ya Egya Mieza ilipogonga sakafu.

"Mwache Kaku," mzee alisema. "Ni mimi."

Ulimi wake ulikuwa mzito tangu maradhi yale, lakini kila mtu alisikia. Maame Nyameke, mkewe, alikuwa amekaa karibu naye akimpangusa jasho. Mkono ukasimama.

"Wewe nini, Egya?" Afiba aliuliza.

"Mimi ndiye niliyesema iwe wawa. Mvule uliisha. Msitu niliopewa kule Wassa niliukata, nikaukata, siku moja nikaingia nikakuta ni migomba na jua. Na maagizo yanazidi kuja. Kule kwao wanajenga nyumba kama wanapanda mahindi. Kila nyumba ngazi. Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia umeisha."

"Halafu wewe ungesomeshwa na nani? Na hawa mafundi wangekula kwa nani?"

"Watu wanaikanyaga, Egya. Watu na watoto wao."

"Watu nisiowajua."

Aliyatamka hayo bila hasira wala aibu, kama mtu anayeeleza kwa nini hakufunga dirisha.

"Huyu hapa," Afiba alisema. "Sasa unamjua."

Cormac alikuwa amesogea mpaka mbele ya kiti cha mzee. Aliutazama ule mkono wa kushoto uliojikunja kifuani kama kuku aliyelala.

"Ni wewe uliyepaka rangi?"

Egya Mieza akainua macho kwa mzungu. Nami nasema, kama angetaka kuwa baba siku ile, angesema ndiyo. Neno moja tu. Mgeni angemtukana, angemtemea mate, angeondoka zake.

"Mimi sijui brashi," mzee alisema. "Aliyepaka ni binti yangu huyo."

Watu wote wakamtazama Afiba.

Naye hakukana. Uso wake ulionyesha kwamba anakumbuka. Ilikuwa likizo ya shule. Egya alimpangia ngazi zile nyuma ya kiwanda, akamwambia ni za maonyesho ya Accra, za kutazamwa tu. Alichanganya rangi mwenyewe, akajaribu, akaimwaga, akachanganya tena mpaka akaipata, na mistari ya mvule akaichora mmoja mmoja kwa unyoya. Baba yake alileta wageni waje waone. Binti yangu ana mkono, alikuwa akiwaambia. Afiba alikuwa hajawahi kusifiwa na baba yake kwa jambo lolote kabla ya hapo.

"Uliniambia ni za maonyesho."

"Ningekwambia kweli, usingepaka vizuri."

Auntie Esaaba, mwanamke asiyeishiwa maneno, alifunika mdomo kwa upindo wa kitenge.

Afiba akamwendea mgeni, akasimama mbele yake mikono ikiwa chini.

"Ni mimi. Nitazame."

Cormac akamtazama. Macho ya mtu yule yalikuwa mekundu, na midomo ilikuwa inatafuta maneno aliyoyabeba kutoka kwao na asiyaone.

"Nilijiandaa kukutana na mwanamume," alisema. "Njia nzima nilikuwa namtukana mwanamume."

Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akiwa mzito kama mzigo. Mmoja wa wapishi akamletea maji ya kunywa. Akayapokea, akashukuru, hakunywa.

Maame Nyameke alisimama. Alijifunga kitambaa chake cheupe kichwani, akachukua kitabu cha nyimbo.

"Unakwenda wapi, Maame?" Afiba aliuliza.

"Kanisani. Wenzangu wa kwaya wananisubiri tangu saa tano. Nilikuwa niende na habari njema."

"Maame, usiniache na haya."

"Sikuachi. Nakwenda mahali ambapo naweza kulia na watu wadhani ni wimbo." Akampita mumewe bila kumtazama.

Sasa ngoja umsikie Bentsil. Mchumba huyu, wakala wa forodha, kijana wa shati lililopigwa pasi hata mgongoni, alikuwa kimya muda wote kama mtu anayesubiri mvua ipite. Akamshika Afiba kiwiko, akamvuta mpaka barazani.

"Usiseme neno lingine mbele ya watu. Kontena letu linapakiwa melini alasiri hii. Limeshafungwa, lakiri ya forodha imeshapigwa. Acha liondoke kwanza, mengine tutayamaliza kwa utulivu."

Afiba akamtazama.

"Ulijua?"

"Kujua nini?"

"Bentsil."

Akashusha pumzi. "Kontena la mvule lina uzito wake. Zile ngazi za Ireland zilikuwa nyepesi. Nilimuuliza Egya. Akaniambia, hivi wewe kijana unampenda binti yangu, au humpendi?"

"Ukamjibu nini?"

"Si nimekuja kukuposa?"

Alijibu kwa upole, kama anayetaka ashukuriwe.

Afiba akarudi uani. Hakupaza sauti.

"Nana Egyir, chukueni chupa zenu."

"Mwanangu, hasira ya asubuhi huliwa na mchana."

"Chukueni, Nana. Nawaomba kwa heshima."

Mzee akainuka. Akakusanya chupa moja moja. Moja ilikuwa imeshafunguliwa kwa tambiko, akazunguka nayo akitafuta cha kuizibia. Auntie Esaaba akaokota kizibo chini ya meza, akampa kwa mikono miwili.

"Shika na kizibo, baba. Isije ikamwagika njiani mkasema ni sisi tulioinywa."

Hakuna aliyecheka. Waliondoka kwa mstari mmoja, wanawake wakibeba vitambaa walivyokuja navyo. Bentsil alikuwa wa mwisho. Alisimama getini kama mtu aliyesahau kitu, kisha akakimbilia gari lake.

"Na ngazi za leo?" Afiba alimuuliza baba yake. "Zilizoko bandarini. Umenifungia nini ndani?"

"Za leo ni mvule."

"Egya."

"Ni mvule mtupu. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

"Na za Ireland uliapia kaburi la nani?"

Mzee akanyoosha ule mkono mzima. "Afiba, ukienda bandarini umekiua kiwanda. Niamini mara hii moja."

"Uliniambia ni za maonyesho," alisema Afiba, akatoka.

Pikapu ya kiwanda ilikuwa nje, na Kaku amekaa kwenye kibao cha nyuma, funguo mkononi, akisubiri mtu wa kumkabidhi.

"Nipeleke bandarini."

"Mimi nimefukuzwa."

"Nakuomba, Kaku."

Kaku akamtazama, akashuka, akafungua mlango. Kabla hawajaondoka, mzungu akaingia naye akakaa pembeni bila kuulizwa. Kile kipande cha ngazi alikuwa amekirudisha kwenye begi, amelipakata.

Njiani Kaku alijaribu. Wapewe haki yao watu kama Kaku, alijaribu.

"Dada Afiba, zile za kwenye kontena..."

"Nyamaza, uendeshe."

"Nataka tu ujue kwamba..."

"Kaku, nimesikia maneno ya kunitosha leo. Nataka kuona kwa macho yangu."

Akanyamaza. Angesema. Angesimamisha gari katikati ya barabara akasema. Lakini mtu aliyefukuzwa asubuhi hana haraka ya kutukanwa tena adhuhuri.

Bandarini kontena lilikuwa bado chini, la pili kwenye foleni, kreni ikishusha minyororo yake. Bentsil alikuwa ameshafika. Alisimama mbele ya milango ya kontena kama kipa.

"Sikiliza. Wewe ni mwenye mzigo. Ukiomba lakiri ivunjwe, ni wewe unayesema mzigo wako una shaka. Mnunuzi ana mtu wake hapa, yule pale mwenye kofia ya manjano. Ukivunja, hatakununulia hata kijiti cha kuchokolea meno. Wala mwingine yeyote. Wanapeana habari."

"Sogea."

"Afiba, mimi nakupenda."

"Sogea, Bentsil."

Ofisa wa forodha alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Afiba akasaini. Lakiri ikakatwa. Yule mwenye kofia ya manjano akasogea karibu, akafunga mikono kifuani.

Kaku akashusha ngazi ya kwanza, akachukua msumeno, akakata kona ya kipandio. Cormac akapiga goti.

Kahawia. Kahawia mpaka ndani, yenye mafuta, yenye ile harufu ya pilipili manga. Mvule.

"Nyingine," Afiba alisema.

Mvule.

"Ya katikati. Toa ya katikati."

Mvule. Na ya mwisho kabisa, iliyobanwa na ukuta wa kontena, mvule. Unga wa msumeno ulilala kwenye viatu vyao, kahawia tupu, hapakuwa na chembe nyeupe.

Mtu wa mnunuzi hakukasirika. Hilo ndilo lililouma. Alivua kofia, akajikuna kichwa, akazungumza kwa simu kidogo, akarudi.

"Meli haisubiri, madam. Na wakubwa wangu wanasema agizo limefutwa, hili na yanayofuata."

"Lakini umeona. Ni mvule."

"Nimeona. Na nimeona pia mwenye kiwanda anakata mzigo wake mwenyewe gatini, akitafuta wizi. Kama wewe huuamini, mimi ni nani niuamini?"

Akaenda. Kreni ikalishika kontena la nyuma yao, la mtu mwingine, ikalinyanyua.

Bentsil alikuwa akikung'uta unga wa mbao kwenye mikono ya shati.

"Mzee kasema kweli mara moja tu maishani mwake," alisema. "Na wewe ukachagua hiyo hiyo ndiyo usiiamini. Hongera."

Aliondoka kwa mwendo wa mtu anayekwenda kazini. Toka siku hiyo Afiba hakulisikia tena neno lake la mapenzi, na sidhani kama alilikosa.

Afiba alikaa juu ya ngazi iliyolazwa chini. Kiwanda cha babu yake, mashine za kuranda, mafundi aliowaahidi kuwaajiria hata wake zao, vyote vimekwenda na lakiri ya bati. Cormac akakaa upande wa pili wa ngazi ile ile.

"Mvule huu ulinunuliwa wapi?" Afiba aliuliza mwishowe, kama anajiuliza mwenyewe.

"Elubo, mpakani," Kaku alisema. "Unatoka upande wa pili. Tangu wanunuzi walipoanza kukata vipande na kuvipima, Egya akaacha wawa. Ndicho nilichotaka kukwambia kule njiani."

"Basi wawa aliacha."

"Aliacha."

"Zilizokuwa zimebaki mkazichoma."

Kaku alikuwa akiufunga msumeno kwenye gunia, akaifunga tena kamba iliyokwisha kufungwa.

"Kaku, mlizichoma?"

"Moja ilibaki. Ndefu, ile ya kupinda. Wewe ulikuwa umeshaipaka rangi. Egya aliniambia niipige shoka. Siku hiyo hiyo wazee wa kanisa wakaja kulia shida, wanajenga roshani mpya ya kwaya, zege wanayo, ngazi hawana."

Afiba alisimama.

"Nikamwambia Egya, hii hapana. Akasema, wape. Kanisa halina mkaguzi."

"Hivyo ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo. Nikamwambia, na Maame je, si yumo kwenye kwaya? Akasema Maame ana magoti, anaimbia chini na vikongwe wenzake. Wanaopanda ni vibinti, hawana uzito."

"Roshani ile ilikuwa haijafunguliwa," Afiba alisema.

Kaku akaangalia pembeni.

"Inafunguliwa leo, dada. Ndiyo maana Maame alikuwa na haraka."

Afiba akapiga simu ya mama yake. Ikaita, ikaita. Simu ya Maame Nyameke ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba wa mwanakwaya huachwa chini, kwenye benchi.

Wakati huu Kaku aliendesha bila kuambiwa. Gari lilipanda mlima wa kanisa kwa gia ya chini, likiguna, na kabla hawajafika waliisikia kwaya. Mlangoni mzee mmoja wa kanisa alimpokea Afiba kwa furaha.

"Dada Mieza, karibu. Umekosa kidogo tu, wameshapanda. Na leo tumempandisha na mama yako. Amekataa, magoti, magoti, wenzake wakamsukuma. Tukasema ngazi ni ya mume wake, atakosaje kuwa juu siku ya kuizindua?"

Roshani ilikuwa imejaa wanawake wa vitambaa vyeupe. Maame Nyameke alikuwa mbele kabisa, ameshika reli, anaimba macho yamefumbwa, mashavu yamelowa. Hakuwa amemwambia mtu yeyote yaliyotokea nyumbani.

Ngazi ilikuwa moja. Ilipinda vizuri kutoka sakafuni mpaka juu, ikimeremeta. Kwenye nguzo yake ya chini walikuwa wamebandika kibao cha shaba chenye jina la Egya.

Cormac aliiendea kama mtu anayemwendea mbwa aliyewahi kumuuma. Aligonga kipandio kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akainama, akaingia chini yake, akatazama kwa tochi ya simu. Alipotoka uso wake ulikuwa umepauka.

"Vipandio vya juu vimeshapasuka kwa chini," alisema kwa sauti ndogo. "Bila shaka walipanda mmoja mmoja, vikahimili. Havitahimili wakishuka pamoja."

"Niwaambie wasishuke."

"Ukipiga kelele kwamba ngazi mbovu, watafanya nini?"

Afiba alifikiri, akaona. Wangeikimbilia.

"Kaku," alisema. "Magogo. Nguzo. Chochote cha kuegemeza."

Kaku alikuwa ameshatoka mbio.

Wimbo ukaisha. Mchungaji akasimama, akatoa shukrani fupi kwa familia ya Mieza. Watu wakamgeukia Afiba wakampungia mikono. Kisha mpiga ngoma akabadilisha mdundo, nao ulikuwa mdundo ambao kila mtoto wa hapa anaujua, mdundo wa sadaka. Huimbwa kwa miguu. Kila aliyeko kanisani huinuka na kitambaa chake, akacheza mpaka mbele kwenye bakuli, na kwaya ndiyo hutangulia.

Bakuli la shaba lilikuwa limewekwa pale chini, mguuni pa ngazi. Juu, wanawake walianza kujipanga.

Afiba hakumwangalia mchungaji wala hakuomba ruhusa. Alilichukua bakuli, akajitwika kichwani, akaanza kucheza kwa mdundo wa ngoma kuelekea ngazi. Kama sadaka itawafuata wao, hawatakuwa na la kuwashusha. Hilo ndilo lililomjia, na hakuwa na jingine.

Alipokanyaga kipandio cha kwanza alikanyaga upande wa ukutani kabisa, mahali mbao hubanwa. Cha pili, hivyo hivyo. Chini yake alisikia mtu akitambaa, akihema. Kaku alikuwa hajarudi na nguzo, na Cormac Hanley alikuwa ameingia tena chini ya ngazi, amepiga magoti na viganja, ameweka mgongo wake chini ya vipandio vilivyopasuka.

"Panda polepole," sauti yake ilitoka kwenye mbao. "Asiongezeke mtu."

Kwaya ilipomwona binti wa Mieza anapanda na bakuli kichwani, ililipuka kwa shangwe. Hawakujua. Walidhani posa imejibiwa na bibi harusi amekuja kushukuru. Vitambaa vyeupe vikapepea, ngoma ikaongezwa kasi.

Maame Nyameke akafumbua macho. Akamwona mwanawe. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba hakuna posa, na akaelewa jambo moja tu, kwamba Afiba amemfuata ili asilie peke yake.

Afiba alitikisa kichwa, kidogo, kadiri bakuli lilivyoruhusu. Alisema kwa midomo, bila sauti: kaa, Maame, kaa hapo hapo.

Maame hakuona midomo. Aliachia reli, akafungua mikono yote miwili, akaanza kushuka kumlaki, na nyuma yake kwaya nzima ikafuata ikicheza.